Nilimfukuza mtoto wa kaka barazani kwa ajili ya mraba

Shikamoo Mwalimu.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Makorora hapa Tanga. Kila siku baada ya Alasiri nafundisha tuisheni barazani kwangu, watoto wa darasa la nne hadi la saba. Kwa sasa wako kumi na wanne. Kila mmoja analeta shilingi 500 akiwa nayo, asiye nayo anakaa vilevile. Ubao wangu ni mlango wa kabati bovu nilioupaka rangi nyeusi. Cheti cha ualimu sina. Niliishia kidato cha nne, na hesabu nilikuwa naipenda kuliko wali wa nazi. Nasema haya mapema usije ukaniona mtu wa kujidai.

Likizo ya mwezi wa sita mtoto wa kaka yangu alikuja kututembelea. Yuko kidato cha pili, anasoma bweni kule Lushoto. Siku hiyo nilikuwa nimeandika ubaoni: "Mraba una pande nne sawa. Mstatili una pande mbili ndefu na pande mbili fupi." Nikachora mraba, nikawauliza hili ni umbo gani. Wakaitikia kwa pamoja, mraba! Je, ni mstatili? Siyo! Yeye alikuwa kizingitini anamenya chungwa. Akasema bila hata kuinua uso, "Shangazi, mraba nao ni mstatili."

Watoto wakacheka. Na mimi nikacheka, nikamwambia, "Ee, na mbuzi naye ni ng'ombe." Angeishia hapo yangeisha. Akanyoosha kisu chake kuonyesha pembeni ya ubao nilikoandika namba tasa, 1, 2, 3, 5, 7, akasema, "Na moja si namba tasa. Shangazi, unawafundisha uongo."

Uongo, Mwalimu! Mbele ya watoto wa watu! Nikamwambia achukue chungwa lake aende kwao, na nikaongeza maneno mengine ambayo hapa siyaandiki. Akaenda. Usiku kaka akapiga simu kwa ukali. Wifi yangu kanyamaza kimya, na ukimya wa wifi wewe unaujua. Mama yetu anasema anataka tukutane Ijumaa kwake tuyamalize. Sinia la wifi liko jikoni kwangu tangu arobaini ya mjukuu, naona haya hata kulirudisha. Na wazazi wawili wameshaniuliza, kwa upole, kama ni kweli nafundisha makosa.

Lakini kuna linaloniuma zaidi. Nilikwenda kwa mwalimu mmoja wa jirani kumuuliza. Akasema kijana yuko sahihi. Kwa nini? "Ndivyo ilivyofasiliwa." Imefasiliwa na nani? "Na wanahisabati." Basi, akaendelea kunywa kahawa yake. Mimi nilisoma kwamba namba tasa ni ile inayogawanyika kwa moja na kwa yenyewe. Moja inagawanyika kwa moja, na kwa yenyewe pia. Kama kuna watu wanaweza kukaa mahali wakaamua kuiondoa, basi hesabu ina ukweli gani? Miaka yote nawaambia watoto kwamba hesabu haina ubabaishaji. Mbili na mbili ni nne hata mwenye nguvu akikataa. Kesho hao watu wakiamua ni tano?

Nani ana haki kati yangu na mtoto huyu? Na nikirudi ubaoni Jumatatu niseme nini?

Mama Ubao, Makorora, Tanga

MWALIMU ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili nikiwa na kalamu.

Nianze na hukumu, maana najua ndiyo unayoingoja. Kwa jinsi hesabu inavyofundishwa leo, kijana kapatia yote mawili. Mraba ni mstatili, na 1 si namba tasa. Ila neno "uongo" halikuwa na mahali pa kukaa pale, na ningekuwepo ningemwambia alirudishe mdomoni pamoja na chungwa lake. Fasili haiwi ya kweli wala ya uongo. Ni mapatano kuhusu neno: kuanzia hapa, nikisema mstatili namaanisha hiki. Anayekwenda kinyume cha mapatano amekosea kama mtu anayeendesha gari upande wa kulia hapa Tanga. Huko Ufaransa angekuwa dereva mwema.

Tena ulikuwa na wenzio wazito. Euclid, yule wa Aleksandria huko Misri, aliyeandika jiometri yake mnamo mwaka 300 kabla ya Kristo, alifasili mraba kuwa wenye pande zote sawa na pembe zote za nyuzi 90. Kisha umbo refu la mstatili akalifasili kuwa lenye pembe za nyuzi 90 lakini lisilo na pande zote sawa. Alitenga kabisa, kama ulivyotenga wewe kwenye mlango wako wa kabati. Hata pembetatu pacha yake ilikuwa na pande mbili tu zilizo sawa. Zikiwa tatu haimo. Kwa hiyo ukiambiwa umefundisha uongo, jibu kwamba umefundisha ya Euclid na hukujua.

Kwa nini basi wa leo wameacha alivyofanya yeye? Hapa ndipo mwalimu wako wa kahawa alipokunyima haki yako. "Ndivyo ilivyofasiliwa" ni jibu la nusu. Fasili hupangwa kwa sababu, na sababu inasemeka.

Nenda siku moja Pongwe, kunakojengwa, ukamtazame fundi anavyopanga msingi. Anapigilia vigingi vinne na kuzungusha kamba. Anapima pande zinazotazamana mpaka zilingane. Halafu anafanya jambo ambalo mwenye nyumba huwa analitazama tu asielewe: anashika futi kona hii, kibarua anavuta mpaka kona ya mkabala, wanasoma. Kisha wanavuka wanapima kona mbili zilizobaki. Zikipishana hata sentimita tatu, kigingi kinang'olewa kinasogezwa. Zikilingana fundi anasema skwea imekaa. Chumba cha mita 3 kwa 4, futi itasoma mita 5 huku na huku. Chumba cha mita 4 kwa 4, itasoma mita 5 na sentimita 66 hivi, huku na huku. Kipimo ni kile kile. Hamuulizi mwenye nyumba kwanza kama chumba chake ni mraba au ni kirefu, kwa sababu kinachofanya milalo (hiyo mistari ya kona hadi kona) ilingane ni pembe nne za nyuzi 90, na urefu wa pande hauhusiki.

Sasa fikiria wewe ndiye unayeandika kitabu. Umeshathibitisha kwamba katika kila mstatili milalo miwili inalingana. Umeonyesha kwamba eneo ni urefu mara upana. Kama mstatili kwako ni ule wenye pande mbili ndefu na mbili fupi tu, mraba umebaki nje, na itabidi uthibitishe upya kila kitu kwa ajili yake, au kila sentensi uiwekee mkia wa "au mraba". Fasili ya leo inakata mkia huo: mstatili ni umbo la pande nne lenye pembe zote nne za nyuzi 90. Basi. Haisemi kitu kuhusu ndefu na fupi. Mraba unaingia wenyewe na kurithi yote.

Na lile la mbuzi na ng'ombe, mwanangu, lilikuwa zuri ila ulikosea mnyama. Mraba kwa mstatili ni kama beberu kwa mbuzi. Kila beberu ni mbuzi, ila ana sharti la ziada, na si kila mbuzi ni beberu. (Tena Kiswahili chetu kilishamuunga mkono kijana zamani. Pembe ya nyuzi 90 tunaiita pembe mraba, hata ikiwa kwenye kona ya kitanda cha futi tano kwa sita.)

Kwenye 1 unastahili jibu refu zaidi, kwa sababu hapo hata historia iliyumba.

Wagiriki wa zamani hawakupata taabu nayo. Kwa Euclid namba ni mkusanyiko wa moja nyingi, kwa hiyo moja yenyewe haikuwa namba, seuze namba tasa. Baadaye watu wakaikubali kuwa namba, na wengi wakaihesabu pamoja na tasa. Mwaka 1742 Christian Goldbach alipomwandikia Leonhard Euler barua yake maarufu kuhusu kujumlisha namba tasa, aliihesabu 1 kuwa mojawapo. Mwaka 1914 Mmarekani Derrick Norman Lehmer alichapisha orodha ya namba tasa inayovuka milioni 10, na orodha hiyo inaanza na 1. Na watu hawa hesabu waliijua.

Iliondolewa kwa sababu ilikuwa inaharibu kazi, na uharibifu huo unaweza kuuonyesha barazani kwa kipande kimoja cha chaki. Mwambie mtoto wa darasa la sita atafute vigawo tasa vya 60 kwa ngazi, kama mnavyofanya mkitafuta KDS, Kigawe Kidogo cha Shirika. Atagawa kwa 2 apate 30, kwa 2 apate 15, kwa 3 apate 5, kwa 5 apate 1, amalize. Mwingine aanze na 5, mwingine na 3. Ngazi zitatofautiana lakini mwisho wote watakuwa na mbili mbili, tatu moja na tano moja. Hawawezi kupata kingine. Kila namba kubwa kuliko 1 ina vigawo tasa vyake, seti moja tu, na hakuna namba nyingine yenye seti hiyo. Jambo hilo ndilo mhimili wa karibu kila kitu tunachofanya na namba nzima.

Halafu mwambie mtoto mtundu kuliko wote kwamba leo 1 nayo ni tasa. Agawe 60 kwa 1. Anapata 60. Agawe tena. 60. Mwache aendelee mpaka afike ukingo wa chini wa ubao. Wenzake wataanza kucheka kabla hujasema neno. Ngazi haishi, na sasa 60 ina seti ngapi za vigawo tasa? Yenye 1 moja, yenye 1 mbili, yenye 1 mia. Kila mara ungelazimika kusema "ukiacha 1". Wakaona heri waiache mlangoni kabisa.

Hapo neno dogo la fasili uliyofundishwa linahitaji kufungwa vizuri. Waandikie hivi: namba tasa ni namba ya kuhesabia yenye vigawo viwili tu, si pungufu, si zaidi. 7 ina 1 na 7. 9 ina 1, 3 na 9, imezidisha. 1 ina kigawo kimoja, imepunguza. "Kwa moja na kwa yenyewe" ilikuwa inataka kusema hivyo hivyo, ila iliacha mwanya, nawe ukapita kwenye mwanya kwa haki kabisa. Katika hesabu, fasili inasomwa kama hati ya kiwanja. Kisichoandikwa hakimo.

Hili la kusoma kama hati ndilo linalowatesa wanafunzi kuliko kugawanya, na nadhani hatulisemi vya kutosha. Maneno ya hesabu tumeyaazima mtaani na yanakuja na harufu ya mtaani. Chukua hilo neno tasa. Mtaani ni asiyezaa. Mtoto mmoja aliwahi kuniambia 7 haiwezi kuwa tasa kwa sababu imezaa 14, 21 na 28. Alikuwa amekosea, lakini alikuwa anafikiri! Witiri, namba isiyogawanyika kwa 2 bila kubaki, mtoto anaijua kutoka sala ya witri, ambayo kwa kawaida ina rakaa moja au tatu. Shufwa na witiri amezisikia katika Suratul Fajr. Ni misaada mizuri ya kukumbukia, lakini mtihani wa kama namba ni shufwa ni mmoja tu: ni 2 mara namba nzima fulani? Harufu haiulizwi.

Mimi mwenyewe nimewahi kuaibika hapo. Nilikuwa na miaka mitatu kazini. Binti mmoja aliulizwa aorodheshe namba shufwa ndogo kuliko 10, akaandika 0, 2, 4, 6, 8. Nikaikata sifuri kwa kalamu nyekundu. Sababu? Sikuwa nayo. Niliona tu sifuri si kitu, na kisicho kitu kitakuwaje shufwa? Akaja mezani na daftari, akasimama kama watoto wanavyosimama wakiogopa kiboko, akasema, "Mwalimu, nikiwa na machungwa sifuri nikawagawia watu wawili sawasawa, kila mmoja atapata sifuri. Yamebaki mangapi?" Nikamwambia akakae. Nilimrudishia alama yake baada ya wiki nzima, na wiki hiyo sikulala vizuri. Sifuri ni 2 mara 0. Imetimiza hati, imeingia. Kujisikia kwangu hakukuwa kifungu cha fasili.

Kitu kingine kidogo kabla sijaenda kwenye hofu yako. Fasili nyingi huandikwa kwa "ikiwa": namba ni shufwa ikiwa inagawanyika kwa 2 bila kubaki. Nyumbani nikisema tutapika pilau ikiwa mgeni atakuja, sijasema kwamba asipokuja hatupiki. Huenda tukapika tu. Kwenye fasili "ikiwa" hubeba pande mbili, yaani ikigawanyika ni shufwa, isipogawanyika siyo. Waandishi wa hesabu wana mazoea hayo duniani kote na hawawaambii wageni. Waambie watoto wako.

Sasa hofu yako. Kama watu wanaamua, ukweli uko wapi?

Watazame wazee wanaocheza bao. Mashimo 32, kete 64. Kila mchezaji ana shimo moja tunaloliita nyumba, na hakuna mtu anayelala humo. Nani aliamua liitwe hivyo na liwe na heshima zake? Watu, zamani. Wangeweza kuamua vingine, na kuna sehemu nyingine Afrika wanacheza kwa mashimo na kete kwa sheria zao nyingine kabisa. Lakini wakishakaa chini na sheria zao, mzee aliyeliwa kete zake hawezi kuitisha kura ya jirani waamue kwamba hakuliwa. Sheria zilitokana na watu. Kufungwa kwake kumetokana na sheria na kete, na hapo watu hawana sauti.

Na hesabu ndivyo. Maana ya "tasa" na "shufwa" tumepatana. Baada ya hapo, kila shufwa kubwa kuliko 2 ni jumla ya tasa mbili? 10 ni 3 na 7. 28 ni 5 na 23. Hilo ndilo swali lililotokana na ile barua ya 1742, na mpaka leo hakuna aliyethibitisha wala aliyepata namba moja ya kulikanusha. Wanahisabati wote wa dunia wakipiga kura kesho, kura hiyo haitakuwa na uzito wa unyoya. Hao hao waliojipa ruhusa ya kuitoa 1 kwenye orodha hawawezi kujipa ruhusa hiyo.

Kwa hiyo mbili na mbili kuwa tano usiogope. Mtu anaweza kuamua kwamba alama tunayoiandika 4 kuanzia leo iandikwe 5. Atatusumbua sana, machungwa ya Muheza hayataongezeka hata moja kapuni.

Wala usidhani anayefasili anaweza kufasili lolote. Unaweza kusema, "Namba kuu ni namba nzima iliyo kubwa kuliko zote." Umetoa jina, lakini mtoto hajazaliwa, maana ukiongeza 1 unapata iliyo kubwa zaidi. Kutoa jina hakuleti kitu duniani. Ndiyo sababu pia hatugawi kwa sifuri, na hapo nako walimu tumezoea kusema "hairuhusiwi" kana kwamba kuna polisi. Kugawanya kumefasiliwa hivi: 12 gawanya kwa 3 ni ile namba ambayo ukiizidisha kwa 3 unapata 12. Weka sifuri mahali pa 3. Namba gani ukiizidisha kwa sifuri inakuwa 12? Hakuna. Na 0 gawanya kwa 0? Kila namba inafaa, kwa hiyo neno "ile" limekosa wa kumwonyesha. Hati imesomwa, hakuna aliyetimiza au wametimiza wote, basi.

Kuna mahali hata leo hawajapatana, na mbingu haijaanguka. Vitabu vingine vinaanza namba asilia kwenye 0, vingine kwenye 1. Trapeza, kwa wengine ni umbo la pande nne lenye angalau jozi moja ya pande sambamba, kwa wengine jozi moja tu, isizidi. Wa kwanza wanaukubali mstatili kuwa trapeza, wa pili wanaukataa. Kila mmoja anatangaza ukurasa wa mwanzo anafuata ipi, na msomaji anaingia akijua. Mwezi wa sikukuu unatugawa hapa mjini kwa namna inayofanana: mwezi wenyewe ni ule ule, tunachopishana ni nini kihesabiwe kuwa umeandama. Mimi si shehe, naishia hapo.

Jumatatu basi. Usifute ulichoandika. Andika fasili yako upande mmoja wa ubao, ya leo upande wa pili, kata karatasi za daftari kuukuu maumbo kumi au kumi na mawili, watoto wayapange mara mbili, kwanza kwa fasili yako kisha kwa ya leo. Waone kwa mikono kwamba maumbo hayakubadilika, yamehama makundi tu. Kisha waambie mitihani inafuata ipi, na kwa nini. Wazazi wale wawili waalike wakae kwenye mkeka.

Kijana naye mwite arudi. Amekosa adabu ya kumkosoa mkubwa mbele ya wadogo, na hilo baba yake amwambie, usimwambie wewe. Kazi yako wewe ni kumuuliza swali moja. Usimuulize kama mraba ni mstatili, hilo amekariri. Muulize ni kwa nini. Akikujibu kwa milalo au kwa eneo, mpe chaki afundishe siku hiyo na wewe ukae kizingitini. Akisema "ndivyo ilivyofasiliwa", mpe ngazi ya 60 na ile 1 ashuke nayo.

Kwa mama yenu Ijumaa uende mapema, na uanze wewe kusema samahani kwa yale maneno uliyokataa kuniandikia. Sinia la wifi ulibebe, uweke visheti. Najua sinia tupu nalo linagawanyika sawasawa kwa wawili bila kubaki kitu, lakini wifi yako hajasoma hati hiyo.